La Vie est belle: filamu ya mapenzi na kicheko iliyoitwa nyepesi

Mwaka wa 1987, wakati nchi ingali inaitwa Zaire, ilitoka filamu moja ya kuchekesha yenye jina la Kifaransa: La Vie est belle, maana yake maisha ni mazuri. Walioiongoza ni wawili: Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, na Benoît Lamy, Mbelgiji. Mchezaji wake mkubwa alikuwa Papa Wemba. Ilipigwa Kinshasa, katika mitaa, nyumba na mabaa ya mji, na inasimulia mapenzi ya mwanamuziki maskini na msichana mrembo ambaye tajiri mmoja anamtaka pia.

Watazamaji waliicheka na kuipenda. Lakini miongoni mwa waandishi na wasomi wa sinema ya Afrika, wako walioikunjia uso. Walisema ni nyepesi. Walisema nchi iko chini ya mkono wa Mobutu, watu wanakosa chakula, na filamu inacheza rumba. Wengine hawakufurahia kuona Mzungu akiandikwa kama mwongozaji pamoja na mtoto wa nchi.

Karibu miaka 40 imepita na ubishi ule haujaisha. Kwa watu wa Kivu, ambao picha zao zinazofika mbali ni za vita na za mahema, swali bado ni lile lile: watu wenye mateso wana haki ya kuonyeshwa wakicheka na kupendana, ao ni lazima kila mara waonyeshwe wakilia?

Mtoto wa Bukavu

Ngangura Mweze alizaliwa Bukavu mwaka wa 1950, wakati wa ukoloni wa Ubelgiji. Miaka ile sinema ilikuwa mikononi mwa serikali ya kikoloni na ya mapadri. Wamisionari walikuwa na vituo vya kutengeneza filamu Léopoldville, Luluabourg, na hata Bukavu. Filamu hizo zilitengenezwa kwa kufundisha Waafrika usafi, dini, kazi na utii. Zilionyeshwa kwenye viwanja vya misioni, usiku, kwenye kitambaa cheupe.

Hata kicheko kilipita njia hiyo. Katika miaka ya 1950, padri Albert Van Haelst, mmisionari wa Scheut kule Kasai, alitengeneza filamu fupi za kuchekesha za Matamata na Pilipili, wanaume wawili, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Watu walizipenda sana. Lakini ndani ya kicheko kulikuwa na somo: yule anayefanya mambo kwa ujinga anaaibika, na yule anayefuata njia ya Wazungu anaenda vizuri. Mwafrika alichekesha, lakini hakuwa yeye aliyeamua wachekwe akina nani.

Hiyo ndiyo sinema iliyokuwako kabla ya kizazi cha Ngangura. Katika miaka ya 1970 alienda Ubelgiji kusoma utengenezaji wa filamu katika shule ya IAD. Aliporudi Zaire alikuwa mwalimu Kinshasa, katika Institut National des Arts na katika studio-shule ya La Voix du Zaïre, redio na televizheni ya taifa. Kupata feza za kupiga filamu ilikuwa kazi ngumu. Serikali ya Mobutu ilipenda kamera, lakini kamera iliyomwonyesha Mobutu.

Mwaka wa 1980 Ngangura alitoa filamu fupi juu ya mchoraji wa Kinshasa Chéri Samba. Mwaka wa 1982 akatoa Kin-Kiesse, filamu ya ukweli yenye urefu wa nusu saa hivi, juu ya mji wa Kinshasa: baa zake, wavaaji wake, wachoraji wake, umaskini wake na raha zake. Mwaka wa 1983 ilipata zawadi huko FESPACO, tamasha kubwa la sinema ya Afrika linalofanyika Ouagadougou. Mtu akiitazama Kin-Kiesse anaona mbegu ya La Vie est belle. Muziki uko, mitaa iko, watu wanaojitafutia wako. Kilichobaki kilikuwa hadithi.

Hadithi yenyewe

Kourou ni mwanamuziki wa kijijini. Anapiga muziki wa asili, lakini ndoto yake ni kuimba na vyombo vya umeme na kuonekana kwenye televizheni. Anaacha kijiji na kwenda Kinshasa. Kule anakuta lile ambalo kila mtu aliyeingia mji mkubwa bila ndugu analijua: hakuna anayemngojea. Ili ale, anakubali kazi ya boyi katika nyumba ya Nvouandou, tajiri mwenye baa ya muziki.

Nvouandou ana feza, gari na nyumba, lakini ana siri: nguvu za kiume zimemkimbia. Anaenda kwa munganga wa kienyeji. Munganga anamwambia aoe mke wa pili, msichana ambaye hajajua mwanaume, na kwamba asimguse kwa siku 30. Nvouandou anamchagua Kabibi. Na Kabibi ndiye yule ambaye Kourou amempenda, bila kujua kwamba patroni wake anamtaka.

Kuanzia hapo kuna kujificha, kudanganyana na kukosana njia. Mama yake Kabibi anatazama feza za tajiri. Mamou, mke wa kwanza wa Nvouandou, hakubali kukaa kimya huku mumewe akileta msichana mwingine. Boyi anatumwa huku na huku katika mambo yanayomchoma roho mwenyewe. Mwishowe Kourou anapata jukwaa lake, anaimba, na anampata Kabibi.

Ni hadithi nyepesi? Ndiyo, kwa namna inavyosimuliwa. Lakini mambo yake yote ni ya nyumbani: mahari, mke wa pili, munganga, kazi ya boyi, kijana wa kijiji anayetafuta jina mjini. Hata jina la Kabibi halihitaji mtafsiri mashariki mwa nchi.

Wachezaji

Wengi wanaikumbuka filamu hii kwa sababu ya Papa Wemba. Jina lake la kuzaliwa ni Jules Shungu Wembadio Pene Kikumba. Alizaliwa tarehe 14 mwezi wa sita 1949 Lubefu, eneo la Sankuru, akakulia Kinshasa. Mama yake alikuwa mwimbaji wa matanga, na Wemba mwenyewe alisema mara nyingi kwamba kuimba alikuanza kwake. Mwishoni mwa mwaka wa 1969 alikuwa kati ya vijana waliounda Zaïko Langa Langa. Alipita Isifi Lokole na Yoka Lokole, kisha mwaka wa 1977 akaunda Viva La Musica. Katika mtaa wa Matonge alijiita mfalme wa Kijiji cha Molokai, na vijana walimfuata kwa muziki na kwa mavazi. Alikuwa uso wa Sape, ule mtindo wa kuvaa vizuri hata kama tumbo ni tupu.

Mtu kama huyo kupewa nafasi ya boyi maskini, mwenye nguo za kijijini, ilikuwa kichekesho chenyewe. Watazamaji wa Kinshasa walimjua kwa viatu vya gharama na suti za Ulaya. Kwenye filamu wanamwona akiamrishwa nyumbani mwa tajiri. Wemba hakuwa amesoma kazi ya kuigiza, na mtu anaweza kuona hilo pahali pengine. Lakini anapoimba, hakuna anayeuliza tena.

Kabibi alichezwa na Bibi Krubwa. Nvouandou alichezwa na Kanku Kasongo, na Mamou na Landu Nzunzimbu Matshia. Hawa wawili wa mwisho ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kicheko. Kasongo anamfanya tajiri kuwa mtu wa kuchekwa na wa kuhurumiwa pamoja: mkubwa mbele ya watu, mwenye hofu chumbani. Landu anamfanya Mamou kuwa mwanamke ambaye hakubali kutupwa.

Halafu kuna Pepe Kalle na Emoro. Pepe Kalle, mwimbaji wa Empire Bakuba, alikuwa mtu mrefu na mnene, aliyeitwa tembo wa muziki. Emoro, mcheza ngoma wake, alikuwa mfupi sana. Kila walipopanda jukwaani pamoja watu walishangilia kabla ya gitaa kulia. Filamu iliwachukua kama walivyokuwa, na kwa hiyo ilihifadhi kitu ambacho sahani za muziki peke yake hazingeweza kuhifadhi: namna walivyocheza, namna Kinshasa ilivyocheza mwaka ule.

Wakosoaji walisema nini

Ili kuelewa kwa nini wengine waliikunjia uso, inafaa kukumbuka sinema ya Afrika ilikuwa wapi. Mwaka huo huo wa 1987, zawadi kubwa ya FESPACO, Étalon de Yennenga, ilienda kwa Sarraounia ya Med Hondo, filamu juu ya malkia aliyepinga jeshi la Wafaransa. Huko Cannes, Souleymane Cissé wa Mali alipewa zawadi ya jopo kwa Yeelen. Mwaka uliofuata Sembène Ousmane na Thierno Faty Sow walitoa Camp de Thiaroye, juu ya askari wa Kiafrika waliouawa na jeshi la Ufaransa mwaka wa 1944. Hiyo ilikuwa sinema ya mapambano. Watengenezaji wake waliamini kwamba kamera ni chombo cha kuamsha watu. Mbele ya filamu kama hizo, hadithi ya tajiri aliyepoteza nguvu za kiume na boyi anayetaka kuimba ilionekana kama mchezo wa watoto.

Malalamiko yalikuwa hasa matatu. La kwanza: filamu haimtaji Mobutu. Umaskini uko, lakini haulaumiwi kwa mtu yeyote. La pili: inawapa Wazungu Afrika wanayoipenda, yenye ngoma, munganga na wanawake warembo. La tatu: Kabibi anapangwa na wengine kwa sehemu kubwa ya hadithi, mama anapanga, tajiri anapanga, munganga anapanga.

Hili la tatu lina uzito, na halikupoteza nguvu. Msichana anayeolewa kwa sababu jamaa inahitaji feza si kichekesho kwa wengi walioishi jambo hilo. Filamu inacheka tamaa ya mama na ya tajiri, lakini haimpi Kabibi nafasi ya kutosha ya kusema mwenyewe.

La pili nalo lina ukweli wake. Feza za filamu zilitoka kwa sehemu kubwa Ulaya, kwa ushirikiano wa Ubelgiji, Ufaransa na Zaire, na mwenye kutoa feza hakosi sauti. Hata hivyo hakuna Mzungu aliyehitajika kubuni Matonge. Muziki ulikuwapo, na watu walikuwapo.

Juu ya lile la kwanza, Ngangura alijibu yeye mwenyewe. Aliandika makala iliyouliza kama sinema ya Afrika ni ya mapambano ao ya kuburudisha. Wazo lake, kwa kifupi, lilikuwa kwamba filamu ambayo Waafrika hawaiendei haiwezi kuwaamsha. Filamu nyingi zilizosifiwa kwenye matamasha hazikuonekana kabisa na watu ambao zilisema zinawatetea. Watu hao walikuwa wakitazama filamu za karate, za Kihindi na za Marekani. Kama Mwafrika anataka kumpata mtazamaji wa Kiafrika, aanze na yale yanayomfurahisha.

Tena, je, ni kweli kwamba filamu haisemi kitu? Mwaka wa 1987 hakuna mtu wa Kinshasa aliyeweza kupiga filamu ya kumshambulia Mobutu na kuionyesha mjini. Lakini filamu inamweka mbele ya watu mkubwa mwenye feza, anayeogopwa na wote, ambaye ndani hana nguvu, na anayekimbilia kwa munganga ili aonekane mwanaume. Kila mtazamaji alikuwa huru kumwona pale mkubwa anayemjua. Kicheko kilipita mahali ambapo hotuba isingepita. Nyuma yake kulikuwa na kile ambacho Wazaire walikiita kifungu cha 15, yaani kila mtu ajitafutie. Kourou, mama yake Kabibi, munganga, wote wanaishi kwa kifungu hicho.

Kilichofuata

Ngangura hakuacha njia yake. Mwaka wa 1994 alirudi nyumbani, akapiga Le Roi, la vache et le bananier, filamu ya ukweli juu ya ufalme wa Ngweshe, eneo la Walungu, Kivu ya Kusini. Kichwa chake kinataja mfalme, ng'ombe na mgomba. Ilionyesha Bushi kabla vita vya 1996 havijaingia. Kwa jamaa zilizotoka vijiji vile na zisizoweza kurudi, filamu hiyo imekuwa kama daftari la kumbukumbu.

Mwaka wa 1998 akatoa Pièces d'identités. Mzee mmoja, Mani Kongo, mfalme wa kijijini, anaenda Bruxelles kumtafuta binti yake aliyetumwa huko kusoma tangia utoto, na anafika mahali pa kuweka rehani alama za ufalme wake. Ni hadithi ya uhamiaji na ya kupotezana. Ndani yake kuna mapenzi na kuna kicheko. Mwaka wa 1999 FESPACO iliipa Étalon de Yennenga, ile zawadi kubwa yenyewe. Mtu aliyeambiwa kwamba sinema yake ni nyepesi alipanda jukwaa la Ouagadougou bila kubadilisha dawa yake: alichanganya kicheko na uchungu, kama alivyofanya tangu mwanzo.

Kinshasa iliyoonekana mwaka wa 1987, kwa upande wake, haikudumu. Uporaji wa 1991 na wa 1993 uliharibu maduka na viwanda. Nyumba za sinema zilifungwa moja baada ya nyingine, na nyingi ziligeuzwa kuwa makanisa. Kwa miaka mingi, nchi yenye mamilioni ya watu ilibaki karibu bila ukumbi wa sinema unaostahili jina hilo, na watu wakatazama filamu katika vibanda vya video, kwa jenereta.

Wachezaji nao waliondoka. Emoro alifariki mwaka wa 1992 akiwa ziarani. Pepe Kalle alifariki Kinshasa mwezi wa kumi na moja 1998. Benoît Lamy aliuawa nyumbani kwake Ubelgiji mwezi wa nne 2008. Papa Wemba aliimba dunia nzima, akapata pia aibu: mwaka wa 2004 mahakama ya Ufaransa ilimhukumu kwa kuingiza watu Ulaya kwa kisingizio cha kikundi chake cha muziki. Mwaka wa 2012 alionekana tena katika Kinshasa Kids, filamu juu ya watoto wa mitaani wanaounda kikundi cha muziki. Tarehe 24 mwezi wa nne 2016 alianguka jukwaani Abidjan akiwa anaimba, akafa. Kifo hicho kilionekana moja kwa moja kwenye televizheni. Kourou wa filamu alitaka televizheni imwonyeshe akiimba. Wemba alionyeshwa mpaka wimbo wake wa mwisho.

Kwa nini inawahusu watu wa Kivu

Tangia mwaka wa 1996, kamera zinazokuja mashariki huja kwa sababu ya vita. Zinapiga wanawake waliobakwa, watoto wenye njaa, watu wenye magodoro kichwani njiani. Picha hizo ni za kweli, na ni lazima zipigwe, maana asiyeonekana hasaidiwi. Lakini zikibaki peke yake zinaleta uongo wa namna nyingine. Zinaonyesha watu wasio na jina wala mchumba, watu wasiojua kufanya mzaha wala kugombana na mama mkwe.

Mtu yeyote aliyeishi katika kambi ya waliohama makwao anajua kwamba si hivyo. Ndani ya kambi watu huoana. Mahari hujadiliwa hata pale ambapo ng'ombe wamebaki mikononi mwa wenye bunduki. Vijana hutafuta simu yenye chaji ili wasikilize muziki. Kuna wazee wa kuchekesha ambao kila jioni watu huwazunguka. Hakuna mahali ambapo mambo hayo yanaandikwa kwenye ripoti.

Vijana wa Goma wameanza kulijibu hilo kwa njia yao. Kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo, kimefundisha vijana wengi kushika kamera na kusimulia mji wao wenyewe, muziki na ngoma zikiwamo. Wanafanya katika hali ngumu kuliko ile ya Ngangura mwaka wa 1987, ila swali wanalokutana nalo kwa watoa feza linafanana: mbona filamu yenu haina vita?

La Vie est belle haikuwa kamilifu. Uchezaji wake una mahali pa kuyumba, na Kabibi alistahili zaidi ya alichopewa. Wakosoaji hawakukosea katika yote. Walikosea kwa kudhani kwamba filamu ya kuchekesha inasahau mateso ya watu. Jina lake lenyewe, maisha ni mazuri, lilisemwa katika mji ambao mshahara haukutosha wiki, na watazamaji walijua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote.

Ngangura alizaliwa Bukavu, na kicheko chake alikipeleka Kinshasa, Bruxelles na Ouagadougou. Filamu ya mapenzi ya Kabibi na Kourou wa Kivu wa leo, waliokutana kwenye mstari wa maji kambini na wenye wazazi wanaobishana juu ya ng'ombe wasiokuwapo, bado inangoja mtu wa kuitengeneza. Atakayeitengeneza, wakimwambia kwamba ni nyepesi, anayo ya kuwajibu.